Mstarini tuimbe wimbo wa taifa, sala tuipe mahali pake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme jambo linalofanyika kila asubuhi ya shule, hapa Tanga mjini na kwa jirani zetu wa Muheza, Pangani, Mkinga, Korogwe na Lushoto, ambalo limezoeleka mno hata hakuna anayeliuliza. Ni mstari wa asubuhi katika shule za umma: bendera, wimbo wa taifa, na sala inayofuatia. Sisi ni walimu wastaafu wa shule za msingi, na maneno haya tunawaelekezea kwanza walimu wa zamu, kisha walimu wakuu na kamati za shule.

Tunalotaka kusema ni hili: wimbo wa taifa na sala ya dini ni vitu viwili vyenye wenyewe tofauti, na mstarini vimefungwa tita moja kama kuni. Vifunguliwe. Wimbo utaimbwa vizuri zaidi, na sala itapata heshima ambayo sasa haina.

Utaratibu unajulikana. Kengele, ambayo katika shule nyingi ni kipande cha reli au rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe, inagongwa saa moja na nusu baada ya mchakamchaka na usafi. Madarasa yanajipanga, wadogo mbele. Kiranja mkuu anaita "Shule, mguu sawa!" Skauti wawili wanapandisha bendera, mwanzishaji anatoa sauti, wimbo wa taifa unaimbwa beti zote mbili, na katika shule nyingine unafuatiwa na wimbo mwingine wa kizalendo. Hapo hapo mwalimu wa zamu anasema "Tusali", mtoto mmoja anatoka mbele na kuomba kwa sauti. Kisha ukaguzi wa kucha na sare, matangazo, na saa mbili vipindi vinaanza.

Tazama pale katikati, baina ya wimbo na sala. Hakuna mlango. Mguu uliowekwa sawa kwa ajili ya bendera bado uko sawa sala inapoanza. Mtoto wa darasa la kwanza hana namna ya kujua kwamba lile la kwanza ni amri ya shule na hili la pili ni hiari ya moyo wake, maana sauti ni ile ile, ya mtu yule yule, na fimbo iko mkono ule ule.

Bendera tuisemee mapema kwa sababu makosa yake ni ya mikono tu na yanarekebishika siku hiyo hiyo. Kijani hukaa juu, upande wa mlingoti. Buluu hukaa chini, upande unaopepea. Mkanda mweusi, wenye ukingo wa manjano pande zote mbili, hupanda kutoka kona ya chini ya mlingoti hadi kona ya juu ya nje. Ukiona kijani kiko chini, bendera imefungwa kichwa chini miguu juu. Kosa hili linatokea kwa sababu skauti anaikuta imekunjwa kabatini bila alama, naye anafunga kona yoyote inayotangulia mkononi. Dawa yake ni kushona kitanzi cha uzi mweupe kwenye kona ya kijani iliyo upande wa kamba, mkono uitambue hata asubuhi ya mawingu. Kamba ya katani, pamoja na kwamba ndiyo zao la mkoa wetu, haifai kwa mlingoti: ikinyeshewa inavimba na kubana kwenye kapi, ikikauka inakatika nyuzi. Tumieni nailoni ya milimita 6 hadi 8, urefu mara mbili ya mlingoti na mita moja ya kufungia, yaani mlingoti wa mita 6 unataka kamba ya mita 13. Kapi litiwe grisi kila muhula unapofunguliwa, kwa kuwa chumvi ya upepo wa bahari inakula chuma haraka. Kapi likiganda bendera inasimama nusu mlingoti, na nusu mlingoti ina maana yake; wapita njia wanaanza kuulizana nani kafa.

Sasa wimbo wenyewe. Mwalimu akitaka kujua kama watoto wanaelewa wanachoimba, asisikilize sauti ya shule nzima. Apite katikati ya mistari ya darasa la kwanza na la pili, ainame kidogo. Atasikia "hizi ni nguo zetu". Mtoto hajawahi kuona ngao, nguo anazijua, basi anaimba anachokijua. Neno "wake" nalo limo kwa maana mbili: katika ubeti wa kwanza ni viongozi wa Afrika na watu wa Afrika, na katika ubeti wa pili "wake kwa waume" ni wanawake na wanaume. Na ile "i" ya "ibariki", watoto wengi hata wa darasa la saba hudhani ni ya Mungu. Ni ya Afrika. Anayeambiwa ni Mungu, kinachobarikiwa ni Afrika, kama ambavyo katika "wabariki" wanaobarikiwa ni viongozi, na katika "tubariki" ni sisi. Robo saa ya ubao, mara moja kwa muhula, inatosha kueleza haya, na mahali pake panajulikana: kipindi cha Kiswahili, au cha Historia ya Tanzania na Maadili. Mwanzishaji naye achaguliwe mwenye sauti ya chini. Akianza juu mno, panapopanda watoto wadogo hawafiki, wanapiga kelele badala ya kuimba, na mwalimu anadhani kelele ndiyo uzalendo.

Tumekaa kwenye sarufi kwa makusudi, kwa sababu humo mna jibu la swali ambalo wazazi huwauliza walimu: wimbo wa taifa ni dua au si dua? Kisarufi ni dua. Vitenzi vyake vya kuomba vinaelekezwa kwa Mungu, haviiambii bendera wala serikali neno. Chimbuko lake pia ni huko. Sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti huko Johannesburg, na Tanganyika ikauchukua kwa maneno ya Kiswahili ilipopata uhuru mwaka 1961. Lakini ni dua isiyomtaja nabii yeyote, kitabu chochote wala siku ya ibada ya yeyote. Neno Mungu lenyewe ni la Kibantu. Mwislamu wa Pangani na Mkristo wa Magila wanalitumia bila mmoja kuhisi ameazima kwa mwenzake. Ndiyo maana wimbo huu umeweza kuimbwa na watu wa dini mbalimbali kwa zaidi ya miaka 60, na sisi tunaupenda kwa sababu hiyo.

Hata hivyo nchi hii imewahi kuusema uzalendo bila dua. Zile ahadi kumi za mwanachama wa TANU, ambazo vizazi vya wanafunzi walizikariri, zilianza na undugu wa binadamu wote na umoja wa Afrika, zikapita kwenye rushwa, cheo, elimu na kusema kweli, na hakuna hata moja iliyomtaja Mungu. Waliozikariri hawakuwa wazalendo pungufu.

Yupo basi mtoto ambaye kwao dua kwa ajili ya taifa haiimbwi. Kisheria jambo lake lilikwisha kitambo. Mwaka 2007 mkoani Mbeya wanafunzi 127 walio Mashahidi wa Yehova waliadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa; 5 walifukuzwa na 122 wakasimamishwa masomo. Mahakama Kuu iliwakatalia. Tarehe 12 Julai 2013 Mahakama ya Rufani ikatengua na kuwapa haki. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa imani, na wanafunzi wale hawakuwa wamefanya fujo wala dharau, walisimama kimya wenzao wakiimba. India mahakama ilikwishaamua hivyo mwaka 1986 kwa watoto watatu wa Kerala. Zambia, ambayo wimbo wake unatumia sauti ile ile ya Sontonga, iliamua kinyume mwaka 1967. Marekani walitangulia wote: Juni 14, 1943 Mahakama ya Juu ilisema mtoto wa shule halazimishwi kuisalimu bendera wala kutamka kiapo chake. Kiapo hicho kiliandikwa mwaka 1892 na Francis Bellamy, mchungaji wa Kibaptisti, na mchungaji huyo hakuweka Mungu ndani yake. Neno hilo liliingizwa kwa sheria Juni 14, 1954. Wao walianza na kiapo wakaongeza Mungu, sisi tulianza na dua. Lakini swali la mtoto aliyenyamaza limefika kwao na kwetu vilevile.

Mwalimu wa zamu afanye nini? Kwanza atofautishe. Watoto wasioimba ni wa aina nyingi, na wengi wao hawana suala la imani: yuko asiyejua maneno, yuko aliyekuja bila kunywa chai, yuko anayechekeana na mwenzake, yuko aliyehamia wiki iliyopita. Asimwite yeyote mbele. Amwulize baada ya mstari, pembeni, peke yake, swali moja tu: maneno unayajua? Asiyejua afundishwe. Anayesema kwao hawaimbi aambiwe asimame wima, mikono ubavuni, mdomo kimya mpaka bendera ifike juu, na hilo latosha. Mzazi aandikiwe barua, athibitishe, na iandikwe kwenye kitabu cha zamu. Hapo kwenye kitabu ndipo tunapotaka mkazo, kwa kuwa mambo haya huharibika Jumatatu, zamu inapobadilika. Wa wiki iliyopita alielewana na mtoto kwa mdomo, wa wiki hii hana habari, anamwona mtoto kanyamaza, anamchapa. Na asibuniwe adhabu iliyojificha. Mtoto anayetumwa kuchota maji ya choo kila wenzake wanapoimba ameadhibiwa, hata kama hakuna aliyelitamka neno adhabu.

Mguu sawa ni visigino pamoja, mikono imenyooka, macho mbele. Mkono kifuani watoto wameuona kwenye mpira wa runingani. Waelekezwe tu, hakuna haja ya kuwapigia kelele. Kofia ya jua inavuliwa. Ushungi si kofia, na hauguswi.

Tukifika kwenye sala, hapo ndipo penye uzito.

Shule nyingi zimejaribu kutenda haki kwa kugawa zamu: leo mtoto wa Kikristo, kesho wa Kiislamu. Nia ni njema, nasi tunaiheshimu. Lakini siku za shule ni tano, hazigawanyiki kwa mbili, na ile ya tano huwa mvutano wa chini kwa chini katika ofisi ya walimu. Wakristo nao si wamoja. Mkatoliki anaanza kwa ishara ya msalaba, Mpentekoste anaomba kwa maneno yake mwenyewe na kwa sauti kubwa, Mlutheri amezoea sala iliyotulia. Mtoto wa Kihindu, na Wahindu wako mji huu kwa vizazi, zamu yake ni lini? Na yule wa kwao kusiko na dini?

Tazama mikono ya watoto. Mwalimu akisema "fumbeni macho, inamisheni vichwa", ameamuru umbo la sala ya Kikristo. Akisema "kingeni mikono", ameamuru umbo la dua ya Kiislamu, viganja wazi mbele ya kifua na mwisho vinapakwa usoni. Simama ubavuni mwa mstari wa darasa la kwanza wakati huo utawaona watoto wa miaka sita na saba wakichungulia mkono wa jirani kabla ya kuamua wafanye nini na wa kwao. Mmoja anaukinga, anaangalia kushoto, anaushusha, anaufumbata, mwisho anauficha mgongoni. Hilo ndilo linalotuuma. Katika shule ya umma, asubuhi na mapema, mtoto anafundishwa kwamba kuna mkono ulio sawa na mkono uliokosea, na hakuna mwalimu aliyekusudia kumfundisha hivyo.

Maneno nayo yana wenyewe. Mungu na Mwenyezi Mungu ni ya wote, na Mola hakuna asiyemwelewa. "Bwana" likisemwa peke yake, Mkristo anasikia jina la Mola wake, Mwislamu anasikia mume wa mtu au mwenye mali. "Kwa jina la Yesu" linafungia nje sehemu ya mstari, na "Allahumma" linafungia nje sehemu nyingine. Amina ndiyo inayovuka. Wote wanaiitikia, kwa nguvu, na hapo ndipo mwalimu anapodhani kwamba wote wamesali.

Tutaambiwa kwamba hata Bunge hufungua kikao kwa dua. Ni kweli, na dua hiyo inamwita Mwenyezi Mungu bila kuegemea upande wa dini yoyote. Lakini mbunge ni mtu mzima aliyegombea mwenyewe kwenda kule. Mahakamani shahidi huulizwa dini yake kabla ya kuapishwa, na asiyeapa huruhusiwa kuthibitisha tu kwamba atasema kweli. Shahidi wa kesi ya mbuzi aliyeibwa anaulizwa. Mtoto wa darasa la kwanza haulizwi.

Pendekezo letu ni jepesi na halina gharama. Bendera ikishafika juu na wimbo ukaisha, kiranja aite "Mguu pande!" Amri hiyo ndiyo mlango tuliosema haupo. Mwalimu ahesabu moyoni mpaka kumi, watoto walegee, wakohoe, wapangue mabegi. Kisha aseme: "Sasa tunyamaze kidogo, kila mmoja kwa namna ya nyumbani kwao." Sekunde 30 kwa saa ya mkononi. Tunasema 30 kwa sababu dakika nzima darasa la kwanza hawaiwezi. Wanaanza kusukumana kabla haijaisha, mwalimu anakemea, na ukimya unakuwa adhabu. Asiseme "fumbeni" wala "kingeni". Asikung'ute funguo, asitazame simu, kwa sababu watoto wanamwangalia yeye. Amalize kwa "Asanteni", halafu ukaguzi. Siku za mwanzo kutakuwa na vicheko, na vitakwisha vyenyewe asipovitilia maanani. Anayetaka kusali amepata nafasi ya kusali kweli, kwa mkono wake mwenyewe, na asiyesali hakudanganya.

Wapo watakaosema tunamfukuza Mungu shuleni. Tunawajibu kwa heshima, maana wengi wao ni ndugu zetu wa msikitini na kanisani: katika beti mbili za wimbo wa taifa Mungu ametajwa mara tatu, na hatuombi hata moja iondolewe. Tunaomba sala ya dini yenyewe isifanywe kipande cha gwaride. Mzazi wa Kiislamu anayefurahi siku ya zamu ya Fatiha akumbuke kwamba kesho yake mwanawe anaambiwa ainamishe kichwa kwa jina la Yesu, na mzazi wa Kikristo afanye hesabu hiyo hiyo upande wake.

Mahali pa sala na mafundisho papo. Kipindi cha dini kimo kwenye ratiba, na kikiendeshwa vizuri kinafaa kuliko sala mia za mstarini. Kinapoharibika sababu zake tunazijua. Ya kwanza ni vyumba: Waislamu wanapewa darasa, Wakatoliki darasa, na madhehebu yenye watoto wachache yanatupwa chini ya mwembe, mvua ikinyesha hayana kipindi. Wagawane vyumba kwa kupokezana, wiki hadi wiki. Ya pili ni walimu wenyewe. Ustadhi au katekista anayejitolea hana nauli, anakosa wiki mbili, na mwalimu wa darasa anajaza pengo kwa dini yake mwenyewe. Asijaze. Siku mwalimu wa dini asipofika, watoto wasome vitabu. Ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi, mtoto asiye wa kundi lolote. Aandaliwe mahali na kazi ya kufanya, chini ya mwalimu anayejulikana kwa jina kwenye ratiba, asibaki akizurura uwanjani kama mtoro. Ijumaa mchana hapa pwani haitaki maelezo, shule nyingi zinajua kuiachia nafasi swala. Jumamosi inataka: masomo ya ziada ya darasa la saba yakiwekwa siku hiyo, mtoto wa Kisabato anapoteza, na anayesahihisha madaftari anamwita mvivu.

Dua na maombi ya watahiniwa kabla ya mtihani wa darasa la saba yanapendwa sana na wazazi, nasi hatuyapingi. Yafanyike baada ya saa za shule, kila dini na wake, kwa taarifa iliyofika nyumbani siku tatu kabla, na asiyehudhuria jina lake lisisomwe mstarini kesho yake.

Jingine linahusu lugha ya walimu wenyewe. "Bwana asifiwe" na "Asalamu alaykum" ni salamu njema zenye nyumba zao. Mwalimu anayefungua mstari wa shule ya umma kwa moja ya hizo amechagua nani ajibu na nani anyamaze. Tulizoea kuwasikia viongozi wakizipanga zote kwa foleni jukwaani, mpaka mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipoanza kusalimia kwa jina la Jamhuri ya Muungano, na umma ukajibu kwa kauli moja. Shuleni hatuhitaji hata hiyo. Tuna shikamoo na marahaba, ambayo kila mtoto wa Tanga amekuja nayo kutoka kwao.

Hatuwezi kuacha suala la watoto kuanguka mstarini, kwa sababu hapo ndipo sala huingia kwa nguvu kuliko kawaida. Msichana mmoja anaanguka na kupiga kelele, wa pili anafuata, baada ya dakika chache ni kumi. Mwalimu mmoja anakemea pepo kwa sauti, mwingine anatuma watu wakamwite mtu wa kusoma kisomo, na kelele zao zinawaangusha wengine, maana hofu huenea kwa macho na masikio. Vunjeni mstari mara moja. Walioanguka watenganishwe, kila mmoja kivulini kwake na mwalimu mmoja wa kike, maji, hewa, vifungo vya shingoni vilegezwe, na wenzao wapelekwe darasani wasiangalie. Wapelekwe zahanati watakaokuwa bado hawajatulia. Halafu mwalimu mkuu atazame saa yake: mstari ulianza saa ngapi? Tumbo tupu, jua la Februari na matangazo ya dakika 40 vinaangusha watoto bila msaada wa kitu kingine. Mwezi wa Ramadhani, pamoja na waliofunga, mstari usizidi dakika 15. Mzazi akitaka kumsomea mwanawe nyumbani, hiyo ni haki yake.

Watu wa Tanga wasidhani haya ni mageni yaliyoletwa juzi. Shule ya serikali iliyofunguliwa na Wajerumani hapa mjini katika miaka ya 1890 haikuwa shule ya dini, kwa kuwa wazee wa pwani walikuwa hawapeleki watoto misheni, na serikali ilihitaji makarani na walimu. Kutoka shule hiyo ndiko lilikotoka gazeti la Kiswahili la Kiongozi. Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya 1969 ikaifungulia serikali njia ya kuzichukua shule za misheni, zikawa za watoto wote. Kuta zikapata mwenyewe mpya, lakini desturi za mstarini zikabaki kama zilivyokuwa, na walimu wakazirithi pamoja na kengele. Katiba, katika Ibara ya 3, inasema nchi yetu haina dini. Wenye dini ni wananchi, na shuleni wanakuja wote kwa pamoja, saa moja na nusu.

Tunaomba kamati za shule ziandike utaratibu huu kwenye karatasi moja, kwa herufi kubwa: bendera, wimbo, mguu pande, ukimya wa sekunde 30, ukaguzi, matangazo. Chini yake yaandikwe maneno ya beti mbili za wimbo wa taifa, na majina ya watoto wanaosimama bila kuimba yawekwe kwenye kitabu cha zamu, yasibandikwe hadharani. Karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa ofisi ya walimu, usawa wa macho, mahali ambapo mwalimu mpya wa zamu ataiona Jumatatu kabla hajatoka uwanjani. Jioni bendera ishushwe taratibu na wawili, mmoja kwenye kamba na mmoja akiipokea isiguse ardhi, ikunjwe kitanzi cheupe kikiwa nje, irudishwe kabatini.

Walimu wastaafu,
Ngamiani, Tanga